Khatibu na Tairi za Maskati

Pale Wawi, Pemba, tulimwita Khatibu, na jina hilo lilivyomkaa, hata mkewe alilitumia. "Khatibu hajarudi," angekwambia ukipiga hodi, kama anayemtaja mtu wa nyumba ya pili. Ijumaa alitoa hotuba msikitini kwetu, na siku za kazi akisomesha Kiarabu skuli moja ya Chake. Mimi nilikuwa na kazi ofisini huko huko Chake, nyumba zetu zikitazamana, na kwa miaka mingi nilikwenda kazini nyuma ya pikipiki yake. Kwa hiyo nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni mgongo: mgongo mpana, kanzu imekunjwa na kubanwa chini ya mapaja, na kofia yake ya viua ameivua na kuitia kifuani ili helmeti ikae vizuri kichwani.

Alikuwa na neno lake moja, na mtaa mzima ulilijua. "Bado sijafahamu." Ukimuuliza mas-ala ya mirathi, ukimuuliza kwa nini bei ya karafuu imeshuka, ukimuuliza mtoto wake wa kike ataolewa lini, jibu lingeweza kuwa hilo. Mwanzo nilidhani anakwepa. Baadaye nikaona kwamba mtu anayekwepa hutazama pembeni, na yeye alikuwa akikutazama usoni, uso wenyewe umejikunja kidogo, kama anakungoja wewe umfahamishe.

Ijumaa moja alipanda mimbari, akahimidi, akasalia, akafungua karatasi yake, kisha akanyamaza. Tulidhani sauti imemkauka.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeandika hapa habari ya subira. Nimeisoma jana, nimeisoma na leo asubuhi, naona nawasomea kitu nisichokifahamu. Basi tuiache. Leo nakuusieni jirani zenu."

Akatuusia jirani, kwa maneno machache, akateremka.

Baada ya sala barazani paliwaka moto. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema khatibu hafai kusema hajui. "Kama yeye hajui, sisi tutashika wapi?" Mwengine akasema tangu aanze kusali msikiti ule, hiyo ndiyo hotuba ya kwanza aliyoielewa mwanzo mpaka mwisho. Maneno yakaendelea wiki nzima, wengine wakitaka abadilishwe, wengine wakimtetea. Alipopelekewa habari hiyo alisema wote wana haki, na yeye bado hajafahamu. Sijapata kumsikia tena akihutubia juu ya subira.

Na subira kweli hakuwa nayo. Akikwambia tunaondoka baada ya chai, ukachelewa ndani unatafuta kiatu, ushamkosa. Hakupiga honi, hakuita. Ungeusikia mngurumo ukiishia kwenye kona ya skuli. Mkewe alinihadithia jinsi alivyowahi kumwacha harusini, Vitongoji. Khatibu alikaa juu ya pikipiki, akahisi mtikisiko wa mtu kupanda, akaondoka. Mtikisiko ule ulikuwa wa mtoto aliyegusa sanduku la nyuma.

"Alizungumza nami njia nzima," mkewe alisema. "Kafika nyumbani ndiyo kageuka kunishusha. Na mie niko kule bado naaga." Alicheka sana aliposimulia. Kisha akasita na kuongeza kwamba siku ile alirudi kwa gari ya watu, na njiani hakucheka hata kidogo.

Pikipiki yenyewe lazima niieleze, maana bila hiyo mtu huyu hakamiliki. Pikipiki za kwetu ni ndogo, za kubebea ndizi, muhogo na abiria zaidi ya uwezo wake. Ile ilikuwa kubwa, nyekundu, ina kioo mbele cha kuzuia upepo na masanduku ubavuni, imetengenezwa kwa watu wanaoondoka nchi moja asubuhi wakasali laasiri nchi nyengine, tena mbio. Kisiwa chetu kinakwisha kabla injini yake haijapata moto barabara. Ilitoka Maskati ndani ya kontena. Ukimsifia, alikukatisha hapo hapo. "Si yangu. Ya mdogo wangu. Kaitanguliza, mwenyewe yuko nyuma."

Mdogo wake alikuwa akifanya kazi huko Maskati, na mpango ulikuwa arudi Pemba moja kwa moja. Pikipiki ilifika. Yeye hakuja kukaa. Khatibu aliifunika shuka muda mrefu, kisha akaanza kuipasha moto injini mara moja moja, kisha akaanza kuizungusha mpaka Gombani na kurudi, na mwisho akawa haonekani popote bila hiyo. Lakini mpaka mwisho alisema anaitunza tu isioze.

Mazungumzo yake yalikuwa ya polepole mno. Kati ya neno na neno ungeweza kumeza funda la kahawa. Akikaa juu ya pikipiki anakuwa mtu mwengine. Aliilaza kwenye kona mpaka mimi nyuma nikaanza kusoma kila dua niliyoijua. Na mtu huyo huyo alikuwa akiogopa bahari. Hakwenda Unguja ila kwa shida kubwa, na akenda alikaa katikati ya boti, macho kayafumba. Nilimuuliza inakuwaje.

"Pikipiki nashika mie," alinijibu. "Chombo kashika mtu mwengine."

Mazishini alikuwa wa mwanzo kufika. Sanduku la kulia la pikipiki lilikuwa na sanda, kafuri na udi wakati wote, na la kushoto lilikuwa na vitabu vya wanafunzi na fulana ya kubadilisha. Watu walikwishajua: ikionekana pikipiki nyekundu imesimama mlangoni kwa mtu, basi humo ndani kuna msiba. Mara moja alisimama kwa mama mmoja huko Ole kuomba maji ya kunywa, na kabla hajamaliza kikombe majirani walikuwa wameshajaa uani wanalia. Mwenye nyumba mwenyewe alianza kulia, akiamini Khatibu amemletea habari na anatafuta namna ya kuianza. Khatibu aliniambia habari hiyo kwa uso wa masikitiko kabisa. Hakuona kinachochekesha. Alitaka nimwambie aombe wapi maji siku nyengine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilichelewa kulijua. Siku moja mvua ilitukuta Machomane, tukajibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Alikuwa akiyatazama maji yanayoteremka barabarani, na bila ya mimi kumuuliza kitu, akaanza.

"Mama yetu kafariki Chokocho, asubuhi. Mdogo wangu kapiga simu, kaniambia, kaka, ningojeni, natafuta ndege, kesho n'tafika. Nikamwambia maiti hangojwi. Tukamzika kabla ya laasiri. Kesho yake kweli kaja, kakuta udongo bado mbichi."

"Alisema nini?"

"Aliutia udongo kiganjani, akautazama, akaurudisha pale pale. Akalala, asubuhi akaondoka."

Mvua iliendelea. Alifuta kioo cha saa yake kwa ncha ya kanzu.

"Pikipiki ilikuwa ishafika," alisema. "Yeye ndiyo alikuwa afuate. Hajafuata tena. Simu yake ni siku ya Idi, kunitakia heri, basi. Na nilofanya ni sawa, jirani. Vitabuni limo, na wewe unajua. Sasa mbona halinikai moyoni?"

Tangu siku ile kila nikimwona anaharakisha watu makaburini, nilikuwa nikijiuliza kama anaamini anachokifanya, au anakifanya kwa nguvu zaidi kwa sababu hakiamini tena kama zamani. Sikupata kujua.

Tairi ziliingia katikati ya hali hiyo. Alipigiwa simu na wakala wa mizigo wa Wesha, akaambiwa kuna kitu chake kimeshushwa, akachukue. Tulikwenda pamoja baada ya kazi. Bandari ndogo ile ilikuwa na shughuli zake za kawaida, watu wanapakua saruji, wengine wanapima samaki, na pembeni ya magunia ya unga zimeegeshwa tairi mbili, mpya kabisa, zimezungushiwa karatasi ya manjano. Juu yake pameandikwa jina la Khatibu na jina la mdogo wake. Hapakuwa na kitu chengine. Khatibu alizizunguka kama mtu anayetafuta mlango.

"Hakuna barua?" alimuuliza wakala.

"Hakuna, Shehe. Ni mipira tu."

Akapiga simu Maskati pale pale. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Tukazifunga tairi kwa kamba kwenye masanduku, na njia nzima mpaka Wawi mimi nikazikumbatia kama mtu aliyebeba watoto pacha.

Hakuzifunga kwenye pikipiki. Aliziweka chumbani, zikaegemea ukuta upande wa kichwani, na hapo zikakaa. Mkewe alikuja kulalamika kwetu kwamba harufu ya mpira imeingia mpaka kwenye wali. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta amekaa kitako sakafuni, amevaa miwani, anasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi kwa kidole, kama anavyosoma Kurani.

"Hapa pana mshale," aliniambia. "Inazunguka upande mmoja tu."

"Basi ziende gereji, Khatibu."

"Nizipeleke vipi, na sijui zimekuja kwa nini? Sikiliza. Huenda anakuja, na anataka aikute pikipiki yake tayari. Nikizifunga nikazitumia, ntakuwa nimezimaliza kabla hajafika. Au haji tena kabisa, ndiyo kusema chukua, iwe yako, tumeachana. Au kanikasirikia kwa kuipanda. Ipi?"

"Mpigie tena."

"Hapokei. Wiki nzima hapokei."

Mimi pia nikaanza kuchanganyikiwa. Mtu gani anampelekea nduguye zawadi ya thamani hivyo kisha hapokei simu? Mkewe alisema huenda simu imeibiwa. Mzee wa safu ya mbele alisema tairi zile ni za fujo, hazifai kwa mtu wa mimbari, na mpelekaji alikuwa na lake jambo. Khatibu alisikiliza wote. Nadhani kila mmoja alimwamini kidogo.

Kilichomaliza ubishi ni tairi za zamani. Zilikuwa zimekwisha muda, katikati zimelala bapa kama meza, kashata, yale meno ya mpira, hazionekani tena. Asubuhi moja ya manyunyu, tukiteremka kuelekea Chake, alishika breki na pikipiki haikushika kitu. Ilikwenda upande, ikarudi upande wa pili, mguu wangu ukaburuzika kwenye lami, tukaishia kwenye majani ya ukingoni, wima, sijui kwa nguvu za nani. Kiatu changu kilibaki barabarani. Khatibu aliteremka, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaniuliza kama nimeumia, akaniuliza tena. Jioni ile tairi mpya zilikuwa gereji.

Fundi alizivalisha, akatia upepo, akamwonya. "Siku za mwanzo zina utelezi wa kiwandani, Shehe. Usilale nayo kwenye kona mpaka zichubuke." Khatibu aliitikia kwa kichwa na kumtaka ayarudie maneno hayo.

Sijui nieleze vipi siku ile ya kwanza. Mimi nyuma nilihisi jambo, lakini yeye aliyeshika usukani ndiye aliyetaabika. Tulikuwa tumezoea pikipiki ile ikikaribia kona inakataa, mpaka uilazimishe kwa mabega, ndipo inaanguka upande ghafla. Sasa ilikuwa inageuka yenyewe. Khatibu akiinamisha kidogo tu kama alivyozoea, inakwenda zaidi ya alivyotaka, anashtuka, anairudisha, tunapita kona ile kwa vipande vipande kama mtu anayekata kitambaa kwa mkasi butu. Na ule mtetemo uliokuwa ukinifika mpaka kwenye meno ulikuwa haupo. Lami ile ile yenye viraka ikawa laini. Nilidhani tumepotea njia.

Alisimamisha karibu na shamba la mikarafuu, akateremka, akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama.

"Naiambia kidogo, inafanya kingi," alisema. "Si ile. Kama nimepanda ya mtu mwengine."

"Lakini ni nzuri."

"Ni nzuri. Ndiyo maana siifahamu."

Kwa wiki kadhaa aliendesha kama mwanafunzi. Watu waliokuwa wakimlaumu kwa mbio sasa wakaanza kumuuliza kama anaumwa. Vijana wa pikipiki ndogo, na mikungu yao ya ndizi, walimpita wakimpungia mkono. Alikuwa akisimama njiani, anainama, anapapasa ubavu wa tairi kuona zimechubuka mpaka wapi, anaondoka tena. Mara moja alinipeleka kazini kwa upole mpaka nikachelewa, na mimi ndiye niliyemwambia aongeze mwendo.

Halafu ikaja siku ya Mtambile. Tulikuwa tunatoka mazishini kusini, mvua kubwa imetoka kunyesha, barabara inang'aa. Alikwishaanza kuizoea kidogo, na mwendo wake wa zamani ulikuwa unarudi. Baada ya kona, ng'ombe katikati ya njia, amesimama na kamba yake inaburuzika. Khatibu alishika breki zote. Nilifumba macho nikingoja upande upi tutaangukia. Hatukuanguka. Pikipiki ilikaza chini, ikasimama palepale ilipotakiwa, nilimgonga mgongoni kwa kifua, na nilipofumbua macho ng'ombe alikuwa anatutazama karibu kabisa na kioo.

Khatibu alizima injini. Alikaa ukingoni mwa barabara, kanzu yake kwenye tope.

"Nilishajitayarisha kuanguka," alisema. "Nishatamka shahada. Haikuanguka."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi." Akaitazama tairi ya mbele. "Jirani, huyu alonipa kitu kama hiki ananitaka nini?"

Nilimwambia labda hataki kitu. Akanitazama kama nimesema neno la lugha asiyoijua.

Haukupita muda mrefu nikahamishiwa Unguja. Tuliagana asubuhi, yeye akiwa juu ya pikipiki, na nakumbuka hakuzima injini. Habari zake nilizipata kwa vipande. Mara niliambiwa ameacha mimbari, mara niliambiwa hakuacha ila hotuba zake zimekuwa ndefu. Mke wangu alisikia kwamba mdogo wake Khatibu amekufa Maskati, na jirani mwengine akaapa kwamba amemwona kwa macho yake bandarini Mkoani. Sikujua nimwamini nani, na nilipompigia Khatibu simu alinisalimia kwa urefu, akaniuliza habari ya watoto mmoja mmoja, kisha akasema anachelewa.

Nilirudi Pemba kwa harusi ya upande wa mke wangu, Chokocho, kule alikozikwa mama yake Khatibu. Baada ya laasiri nilitoka msikitini, nikasikia naitwa "jirani". Alikuwa Khatibu, amekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Pembeni yake alikaa mtu aliyefanana naye, mnene zaidi, magongo mawili yamelazwa mapajani. Mguu wake mmoja uliishia chini ya goti, na suruali imekunjwa ikafungwa vizuri.

"Mdogo wangu," Khatibu alisema.

Tulipeana mikono, tukaulizana hali kama inavyopasa. Khatibu alinyanyuka kwenda kuichukua pikipiki, iliyokuwa kivulini nyuma ya nyumba. Nikabaki na yule mdogo wake, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikazisifu tairi. Nikamwambia zilituokoa mara moja, Mtambile.

"Kaniambia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya haraka, si kama ya kaka yake. "Sukari ilinila mguu. Nilikuwa naingia natoka hospitali, simu naisikia inaita, sijui nimwambie nini. Nilikuwa sitaki ajue."

"Na tairi je?"

"Vijana wa msikiti wenu walitia picha kwenye kundi la simu. Yeye kasimama na pikipiki, kavaa kanzu nyeupe, anacheka. Mie nilitazama mipira. Kipara, kipara kabisa. Nikasema huyu ataanguka, na watamzika mchana huo huo, na mie nitakuja kesho yake nikute udongo. Basi nikamwambia mtoto wa jirani anisukume na kiti cha magurudumu mpaka dukani."

Alisema hivyo kisha akaanza kuyapanga magongo yake. Pikipiki ilikuja, Khatibu akaiegesha ubavuni mwa baraza. Tulimnyanyua mdogo wake pamoja, mimi kwapa la kulia na Khatibu la kushoto, tukamkalisha nyuma, mgongo wake ukaegemea sanduku. Khatibu aliyafunga magongo ubavuni kwa kamba ya mpira, akavuta fundo, akalivuta tena.

Nilimsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Kakwambia habari ya picha?"

"Siku ile ile alofika."

"Ukamjibu nini?"

Alitia kofia yake kifuani, akavaa helmeti, akachukua muda na kitanzi cha chini ya kidevu.

"Nilimuuliza anataka kwenda wapi."

Akapanda. Mdogo wake akamzungushia mikono kiunoni. Wakateremka taratibu upande wa makaburini.